Vifo 86 na vifo 105: Mazoezi ya takwimu kwa daftari la wodi ya wazazi

Kila ninapoanza somo la takwimu na mafrateri wa mwaka wa kwanza, naandika ubaoni namba mbili tu: 86 na 105. Nawaambia kuwa ni idadi ya akina mama waliofariki katika wodi moja ya wazazi katika miaka miwili tofauti, kisha nauliza: mwaka upi ulikuwa mbaya zaidi? Mikono hupanda upesi, na karibu darasa zima hujibu 105. Wachache hukaa kimya. Kwa kawaida mmoja wao huuliza, "Padre, lakini waliojifungua walikuwa wangapi?" Huyo ameshaanza kusoma takwimu, na wenzake hugeuka kumtazama.

Namba hizo si za kubuni. Zimetoka katika Hospitali Kuu ya Vienna, Austria. Mwaka 1841, katika kliniki ya pili ya wazazi ya hospitali hiyo, walijifungua akina mama 2,442 na 86 wakafa. Mwaka 1846 walijifungua 3,754 na 105 wakafa. Gawa 86 kwa 2,442 unapata asilimia 3.5. Gawa 105 kwa 3,754 unapata asilimia 2.8. Mwaka uliokuwa na vifo vingi ndio uliokuwa na hatari ndogo kwa kila mama aliyeingia mlangoni. Shule ya msingi tulifundishwa kwamba katika sehemu, namba ya juu ni kiasi na ya chini ni asili. Habari nyingi za afya zinazotufikia redioni, vikaoni na hata katika taarifa za jimbo huja na kiasi peke yake, asili ikiwa imeachwa njiani.

Nina sababu ya kulisisitiza jambo hili kwa watu wanaojiandaa kuwa mapadre. Wengi wenu mtajikuta kwenye kamati ya zahanati ya parokia au bodi ya hospitali ya jimbo, na mtaletewa taarifa ya robo mwaka mkiwa na dakika ishirini za kuijadili kabla ya chai. Niliwahi kukaa katika kikao cha namna hiyo. Mwaka ule kituo kilikuwa kimepoteza akina mama wawili, na mwaka uliotangulia hakikupoteza hata mmoja. Mjumbe mmoja alisimama akasema vifo vimeongezeka na kwamba mkunga aondolewe. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mimi pia niliitikia. Hakuna aliyeomba daftari la wazazi liletwe mezani, ingawa lilikuwa chumba cha pili. Nitarudi kwenye kikao hicho baadaye, tukishakuwa na zana za kukipima.

Daftari tutakalotumia lilifanya kazi kubwa mikononi mwa daktari mmoja Mhungaria, Ignaz Semmelweis, aliyeanza kazi kama msaidizi katika kliniki ya kwanza ya wazazi mwaka 1846. Nimelichagua kwa sababu ni la kweli, namba zake zinakokotoleka kwa kalamu na karatasi, na aliyezitumia alikuwa akitafuta jibu la swali la kufa na kupona. Hospitali ilikuwa na kliniki mbili za wazazi, jirani kabisa. Kwa amri iliyotolewa mwaka 1840, kliniki ya kwanza ilifundisha wanafunzi wa udaktari, wote wanaume, na ya pili ilifundisha wakunga. Akina mama hawakuchagua pa kwenda. Kliniki zilipokezana siku za kupokea: anayefika siku ya zamu ya kwanza anaingia ya kwanza, anayefika siku ya zamu ya pili anaingia ya pili. Shika jambo hilo la zamu, tutalihitaji.

Hizi hapa namba za miaka sita. Safu ya asilimia nimeiacha wazi makusudi. Chukua kikokotozi, au simu yako, uijaze kwa nukta moja ya desimali kabla ya kusoma zaidi.

| Mwaka | Kliniki ya 1: waliojifungua | Waliokufa | Asilimia | Kliniki ya 2: waliojifungua | Waliokufa | Asilimia |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 1841 | 3,036 | 237 | ... | 2,442 | 86 | ... |
| 1842 | 3,287 | 518 | ... | 2,659 | 202 | ... |
| 1843 | 3,060 | 274 | ... | 2,739 | 164 | ... |
| 1844 | 3,157 | 260 | ... | 2,956 | 68 | ... |
| 1845 | 3,492 | 241 | ... | 3,241 | 66 | ... |
| 1846 | 4,010 | 459 | ... | 3,754 | 105 | ... |

Kama umefanya sawasawa, kliniki ya kwanza inakupa 7.8, 15.8, 9.0, 8.2, 6.9 na 11.4. Ya pili inakupa 3.5, 7.6, 6.0, 2.3, 2.0 na 2.8. Angalia tena 1841 na 1845 katika kliniki ya kwanza: vifo vilipanda kutoka 237 hadi 241, hatari ikashuka kutoka 7.8 hadi 6.9. Mtego ule ule wa ubaoni.

Sasa tafuta wastani wa kliniki ya kwanza kwa miaka yote sita. Hapa darasa hugawanyika makundi mawili. Kundi moja hujumlisha asilimia sita na kugawa kwa sita, linapata 9.85. Kundi la pili hujumlisha vifo vyote, 1,989, na kuvigawa kwa wazazi wote, 20,042, linapata 9.92. Nani amekosea? Hakuna aliyekosea kuhesabu, ila wamejibu maswali mawili tofauti. Kundi la kwanza limeipa kila miaka uzito sawa: mwaka wenye wazazi 3,036 umehesabika sawa na mwenye wazazi 4,010. Kundi la pili limempa kila mama uzito sawa. Tukiuliza hatari ya mama mmoja, tunataka jibu la pili. Katika kliniki hii tofauti ni ndogo kwa kuwa miaka inakaribiana kwa ukubwa. Katika kliniki ya pili inaonekana zaidi: wastani wa asilimia sita ni 4.03, lakini vifo 691 vikigawiwa kwa wazazi 17,791 ni 3.88. Chukua zahanati mbili, moja ya wazazi 20 na nyingine ya wazazi 2,000, uone wastani wa asilimia unavyoweza kukupotosha kabisa.

Kuna kipimo kingine, namba ya katikati. Panga asilimia za kliniki ya kwanza kutoka ndogo hadi kubwa: 6.9, 7.8, 8.2, 9.0, 11.4, 15.8. Kwa kuwa ziko sita, katikati ni nusu ya njia kati ya 8.2 na 9.0, yaani 8.6. Ipo chini ya wastani kwa sababu mwaka 1842, ule wa 15.8, unauvuta wastani juu peke yake, kama tajiri mmoja anavyopandisha wastani wa mapato ya kijiji. Namba ya katikati haimjali tajiri huyo. Mtu akikuambia "kwa kawaida", muulize ametumia kipi.

Tuzilinganishe kliniki mbili. Unaweza kugawa: 9.92 kwa 3.88 ni karibu 2.6, yaani hatari ya kliniki ya kwanza ilikuwa mara mbili na nusu na kidogo ya ile ya pili. Unaweza pia kutoa: 9.92 toa 3.88 ni 6.04, yaani akina mama sita zaidi katika kila mia. Magazeti hupenda kugawa kwa sababu "mara mbili" inatisha hata pale hatari inapotoka mmoja katika laki hadi wawili katika laki. Mimi huwataka mafrateri wafanye yote mawili na kuongeza hesabu ya tatu: kama kliniki ya kwanza ingekuwa na hatari ya kliniki ya pili, wangekufa wangapi? Asilimia 3.884 ya 20,042 ni takribani 778. Waliokufa kweli ni 1,989. Tofauti ni zaidi ya akina mama 1,200 katika miaka sita, ndani ya jengo moja la hospitali. Darasani huwa naacha dakika moja ipite baada ya hesabu hii.

Wakazi wa Vienna hawakuhitaji kikokotozi. Semmelweis anaeleza kwamba wanawake walikuwa wakipiga magoti na kuomba wasipelekwe kliniki ya kwanza. Walichokijua wao kwa masikio, daftari lilikithibitisha.

Takwimu zikishaonyesha tofauti, kazi ngumu zaidi huanza: tofauti inatoka wapi? Madaktari wa wakati huo walikuwa na maelezo mengi. Walisema ni hewa mbaya iliyotanda juu ya mji. Lakini hewa ya mji ni moja, na kliniki zilikuwa jirani. Tena akina mama waliojifungulia barabarani wakiwa njiani kuelekea hospitali waliugua homa hiyo mara chache zaidi. Walisema ni msongamano. Lakini kliniki iliyosongamana zaidi ilikuwa ya pili, maana watu waliikimbilia. Walisema labda wanaokwenda ya kwanza ni maskini zaidi au dhaifu zaidi. Hapa ndipo zamu za siku zinapotusaidia. Uchungu wa uzazi hauangalii kalenda ya hospitali. Mama kufika leo badala ya kesho ni karibu sawa na kurusha shilingi juu, hivyo umaskini, umri na udhaifu hugawanyika karibu sawasawa pande zote mbili. Watafiti wa leo hulipia gharama kubwa ili kupata mgawanyo kama huo.

Maelezo mengine yalimhusu padre, na hapa huwa sikimbii. Padre wa hospitali alipokuwa akipeleka Komunyo Takatifu kwa mgonjwa mahututi, mtumishi alitangulia akipiga kengele. Katika kliniki ya pili aliweza kufika chumba cha wagonjwa moja kwa moja. Katika kliniki ya kwanza alilazimika kupita vyumba vitano vya wazazi, kengele ikilia, na kila mama aliyelala pale alijua kuna mwenzake anayekata roho. Je, hofu hiyo ndiyo iliyowaua? Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Kengele ilikuwa tofauti ya kweli kati ya kliniki mbili. Semmelweis akamwomba padre apite njia ya kuzunguka, kimya, bila kengele. Padre akakubali. Vifo havikupungua. Tofauti kati ya makundi mawili haitoshi kuwa sababu. Iondoe, uone kama matokeo yanabadilika. Nampenda padre yule asiyejulikana kwa jina katika somo langu, kwa kuwa alikubali desturi yake ipimwe.

Jibu lilianza kuonekana Machi 1847. Jakob Kolletschka, profesa wa uchunguzi wa vifo vya kisheria na rafiki wa Semmelweis, alichomwa kidoleni na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akaugua, akafa. Semmelweis aliposoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wake aliona dalili zile zile za akina mama. Wanafunzi wa udaktari na walimu wao walikuwa wakitoka chumba cha maiti kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Katikati ya Mei 1847 akaagiza kila anayeingia wodini anawe mikono kwa maji yenye klorini, na baadaye kwa chokaa ya klorini kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi.

Zingatia miezi ya mwaka huo katika kliniki ya kwanza. Namba ya kwanza ni waliojifungua, ya pili waliokufa: Januari 311 na 10, Februari 312 na 6, Machi 305 na 11, Aprili 312 na 57, Mei 294 na 36, Juni 268 na 6, Julai 250 na 3, Agosti 264 na 5, Septemba 262 na 12, Oktoba 278 na 11, Novemba 246 na 11, Desemba 273 na 8.

Hapa huwapa wanafunzi wawili kazi ya ubishi. Wa kwanza anapewa Aprili na Juni. Anakokotoa asilimia 18.3 na asilimia 2.2, anatangaza kuwa kunawa mikono kumepunguza vifo mara nane. Wa pili anapewa Januari hadi Machi, na Juni hadi Desemba. Anajumlisha: kabla, vifo 27 kati ya wazazi 928, asilimia 2.9, baada, vifo 56 kati ya wazazi 1,841, asilimia 3.0. Anatangaza kuwa kunawa mikono hakukusaidia chochote. Hesabu zote mbili ni sahihi. Zote zimetoka katika daftari moja, mwaka mmoja, chini ya sahihi ile ile. Mafrateri hupata wasiwasi hapa, na wasiwasi huo nautaka.

Kilichotofautiana ni mahali pa kuanzia. Wa kwanza amechagua mwezi mbaya kuliko yote kuwa kipimo chake, na baada ya mwezi mbaya sana kwa kawaida hufuata mwezi usio mbaya hivyo, hata kama hujafanya kitu. Wa pili amechagua miezi mitatu mizuri isivyo kawaida. Kwa nini ilikuwa mizuri? Mwishoni mwa 1846 idadi ya wanafunzi ilikuwa imepunguzwa sana na upimaji wa wazazi ukapunguzwa pamoja nao. Mikono michache, vifo vichache. Miezi ile mitatu haikuwa hali ya kawaida ya kliniki. Hali ya kawaida tunaipata katika miaka sita ya jedwali, asilimia 9.9, na hakuna mwaka hata mmoja ulioshuka chini ya 6.9. Na baada ya hapo tunao mwaka mzima wa 1848: wazazi 3,556, vifo 45, asilimia 1.3. Mwaka huo huo kliniki ya pili ilikuwa na wazazi 3,319 na vifo 43, nayo asilimia 1.3. Pengo la mara mbili na nusu lilikuwa limezibika. Ukitaka kumjibu mbishi yeyote, mpe miaka mizima ya pande zote mbili, usimpe miezi uliyomchagulia.

Sasa swali la bahati nasibu. Januari vifo 10, Februari 6, Machi 11. Je, Februari palifanyika jambo jema ambalo Machi liliharibika? Kuna kanuni ya mkononi ambayo mtu wa kamati anaweza kuibeba kichwani. Ukihesabu matukio ambayo moja halisababishi jingine, hesabu yako huyumba yenyewe, na kiasi cha kuyumba ni karibu kipeuo cha pili cha idadi unayoitarajia. Zidisha kipeuo hicho kwa mbili, nenda juu na chini. Nje ya mipaka hiyo bahati nasibu hufika kwa nadra, yapata mara moja katika ishirini. Vifo 27 katika miezi mitatu ni wastani wa 9 kwa mwezi. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, mara mbili ni 6. Mipaka ni 3 hadi 15. Basi 10, 6 na 11 zote ziko ndani, usizitungie hadithi. Aprili ilileta 57. Hiyo inadai maelezo, tena haraka.

Lakini nimeweka sharti: tukio moja lisisababishe jingine. Homa ile ilikuwa ya kuambukizana, kwa hiyo sharti halitimii vizuri. Oktoba 1847 mama mmoja mwenye saratani ya kizazi iliyokuwa ikitoa usaha alilazwa kitanda cha kwanza, na wapimaji walianzia kwake. Walinawa kwa klorini walipoingia wodini, hawakunawa tena kwa klorini kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kati ya akina mama 12 waliojifungua wakati huo, 11 walikufa. Vifo kama hivyo huja kwa mafungu, na kanuni ya kipeuo itakuambia mipaka myembamba kuliko uhalisia. Kabla ya kutumia kanuni yoyote, jiulize kama matukio yako yanashikana mikono.

Jambo moja zaidi kutoka Vienna. Machi 1848 walijifungua wazazi 276 na hakufa hata mmoja. Agosti hivyo hivyo, kati ya 261. Je, hatari ilikuwa sifuri? Hapana, na tunaweza kusema kwa namba. Ukiona sifuri kati ya watu kadhaa, gawa 3 kwa idadi yao: hatari ya kweli inaweza bado kufika hapo. 3 kwa 276 ni asilimia 1.1. Sifuri ya Machi inalingana vizuri tu na asilimia 1.3 ya mwaka mzima, ukikumbuka kuwa miezi iko kumi na miwili na mmoja wao lazima uwe mzuri kuliko mingine.

Turudi nyumbani, kwenye kikao kile. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2015-16 ulikuwa umekadiria 556. Tuseme kituo cha afya kina wazazi 480 kwa mwaka, na hatari yake ni sawa na wastani wa nchi. Zidisha 480 kwa 104, gawa kwa 100,000: unatarajia nusu ya kifo kwa mwaka. Hakuna nusu ya kifo. Maana yake ni kwamba katika miaka sita kati ya kumi hivi kituo hicho hakitakuwa na kifo chochote, mara nyingi inayobaki kitakuwa na kimoja, na katika kila vituo mia vya namna hiyo, yapata tisa vitaona vifo viwili au zaidi katika mwaka mmoja kwa bahati nasibu tu, wakunga wote wakiwa hodari sawasawa. Kutoka sifuri hadi mbili, kwa asili ya 480, ni habari ndogo mno ya kumhukumu mtu.

Hapo mwanafunzi mmoja huniambia: "Basi, Padre, tunawaambia ndugu wa marehemu ni bahati mbaya?" La. Takwimu zinapokuwa kimya kwa sababu ya uchache, kinachobaki ni kukaa na kila kifo kimoja kimoja: mama alifika saa ngapi, damu ilikuwepo, gari lilikuwepo, nani alimpima na lini. Ndiyo maana taratibu za afya nchini zinataka kila kifo cha mama kijadiliwe peke yake. Ila mjadala huo hutafuta mahali njia ilipokatika, na kamati yetu siku ile ilitafuta mtu. Mkunga yule alihamishwa. Nilikwenda kufungua daftari miezi kadhaa baadaye, na nilichokiona ni kwamba akina mama wote wawili walikuwa wameletwa kutoka mbali wakiwa tayari wamechelewa, jambo lililoandikwa wazi kwa mwandiko wake mwenyewe.

Neno dogo kwa watakaotaka kufanya mazoezi kwa vitabu vya MTUHA vya zahanati ya jirani: omba ruhusa kwa mganga mfawidhi, nakili namba, usinakili majina. Katika kijiji kidogo hata umri na kitongoji vinatosha kumtambulisha mtu.

Zoezi la nyumbani linatoka London, mwaka 1854, wakati wa kipindupindu. Daktari John Snow alilinganisha nyumba zilizopata maji kutoka kampuni mbili. Kampuni ya Southwark and Vauxhall ilichota maji ya mto Thames mahali penye maji taka ya mji. Ilihudumia nyumba 40,046, na katika wiki saba za kwanza za mlipuko walikufa humo watu 1,263. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuchotea hadi juu ya mto mwaka 1852. Ilihudumia nyumba 26,107, wakafa watu 98. Mabomba ya kampuni zote mbili yalipita katika mitaa ile ile, nyumba hii ikiwa na maji ya huku na jirani yake ya kule.

Kokotoa vifo kwa kila nyumba 10,000 kwa kila kampuni. Unapaswa kupata takribani 315 na 38. Gawa, kisha toa, na useme kwa Kiswahili cha kawaida kila jibu lina maana gani. Kadiria ni watu wangapi wangepona kama nyumba zote 40,046 zingekuwa na hatari ya zile za Lambeth. Eleza kwa nini kupita kwa mabomba katika mitaa ile ile kunafanya kazi sawa na zamu za siku za Vienna. Na la mwisho, ambalo ndilo huwatoa jasho mafrateri: asili hapa ni nyumba, siyo watu. Ingekuwaje kama nyumba za kampuni moja zingekuwa na watu wengi zaidi kwa kila nyumba, na ungetafuta nini katika daftari ili kujua?